Mkasi wa kukata virusi vya dengi upo, kinachotushinda ni muda

Kila baada ya muda fulani inatoka taarifa ya maabara kwamba wanasayansi wametumia teknolojia ya kuhariri jeni, hii inayoitwa CRISPR, kuangamiza virusi vya dengi au zika au chikungunya ndani ya seli, na kila ikitoka watu wanagawanyika makundi mawili yale yale. Kundi la kwanza linashangilia kwamba dawa imepatikana, sasa mbu aume tu. Kundi la pili linaogopa, linasema haya, wameanza kutubadilisha vinasaba kwa kisingizio cha homa. Mimi naona makundi yote mawili yameisoma habari vibaya. Mkasi unaotumika hapa haukati jeni za binadamu, unakata RNA ya virusi, yaani maelekezo yao ya kujinakili, kwahiyo ile hofu haina pa kushika. Na kuhusu dawa, mkasi wenyewe unakata, hilo limeshaonyeshwa mara nyingi, ila virusi hivi vya mbu vina tabia moja ambayo imeshaziangusha dawa nyingine kabla ya hii, nayo ni kwamba mgonjwa anafika hospitali wakati virusi vimeshamaliza sehemu kubwa ya kazi yao. Hoja yangu ni kwamba teknolojia hii ina faida kubwa lakini faida yake ya kwanza itakuwa kipimo, sio tiba, na tukiendelea kuitazama kama tiba peke yake tutapeleka pesa na matumaini kusikotakiwa.

Tuanze na virusi vyenyewe maana hapa ndo watu wengi wanapotelea. Dengi, zika, homa ya manjano na chikungunya vyote vinasambazwa na mbu wa jamii ya Aedes, na vyote vinatunza maelekezo yao kwenye RNA, sio kwenye DNA. RNA ya dengi ina herufi kama 10,700 tu, wakati DNA ya binadamu ina herufi kama bilioni 3, lakini hizo chache zinatosha kuiteka seli na kuilazimisha itengeneze nakala kwa maelfu. Na tofauti na virusi vya ukimwi, hivi havijichomeki kwenye DNA yetu vikakaa humo miaka. Vinaingia, vinazaliana, mwili unapambana navyo, na kwa watu wengi ndani ya wiki moja hivi vinakuwa vimetoweka kwenye damu. Naomba msomaji aishike hiyo wiki moja maana kesi nzima inasimama juu yake. Wala sio virusi vya jana. Zika ilitambuliwa mwaka 1947 msitu wa Zika kule Uganda, kwenye damu ya tumbili aliyekuwa anatumiwa na watafiti wa homa ya manjano. Chikungunya ilielezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Zaidi ya miaka 70 imepita na hakuna hata dawa moja iliyoidhinishwa mahsusi kuua virusi vyovyote kati ya hivi vinne. Mgonjwa anapewa paracetamol, anaambiwa anywe maji mengi, akizidiwa anawekewa dripu na kuangaliwa kwa karibu, basi. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipokea ripoti za wagonjwa wa dengi zaidi ya milioni 14, idadi ambayo haijawahi kufikiwa mwaka wowote kabla ya hapo, na hao ni waliopimwa na kuripotiwa tu.

Mtu atauliza, si kuna chanjo? Zipo, na ile ya homa ya manjano iliyotengenezwa na Max Theiler miaka ya 1930 ni moja ya chanjo bora kabisa ambazo dunia imewahi kuwa nazo, dozi moja inatosha maisha yote kwa watu wengi. Dengi ndo kichwa kigumu. Ina aina nne, ukiugua aina ya kwanza unapata kinga ya aina hiyo, lakini ukija kuumwa na mbu mwenye aina ya pili zile kingamwili za mwanzo zinaweza kuvishika virusi vipya bila kuviua, alafu badala ya kuvizuia zinavisaidia kuingia kwenye seli. Ndio maana dengi ya pili ina hatari kubwa zaidi ya kuwa kali kuliko ya kwanza. Chanjo ya Dengvaxia iliingia kwenye mtego huohuo. Ufilipino ilianza kuwachanja watoto wa shule mwaka 2016, watoto zaidi ya laki 8 wakapata, alafu Novemba 2017 kampuni ya Sanofi iliyoitengeneza ikatangaza yenyewe kwamba kwa mtoto ambaye hajawahi kuugua dengi chanjo inaweza kuongeza hatari ya kuugua vibaya baadaye. Imani ya wazazi iliporomoka, na haikuporomoka kwa dengi tu, hata chanjo ya surua watu waliikimbia, na mwaka 2019 nchi hiyo ikapata mlipuko mkubwa wa surua. Baada ya hapo zimekuja chanjo nyingine za dengi zilizo bora zaidi, hilo nalikubali kabisa. Kwa upande wa chikungunya, chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023 na ilipofika Agosti 2025 leseni yake ikasimamishwa hukohuko kwasababu ya madhara makubwa yaliyoripotiwa. Kwahiyo anayesema tiba haihitajiki kwa kuwa chanjo zipo hajafuatilia hizo chanjo zimepitia wapi.

Sasa mkasi. CRISPR kwa asili ni kinga ya bakteria, nao wanashambuliwa na virusi, kwahiyo wanatunza vipande vya kumbukumbu za adui na kuvitumia kumtambua akirudi wamkatekate. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha jinsi ya kuielekeza protini moja ya kinga hiyo, Cas9, ikate DNA mahali unapotaka wewe, na mwaka 2020 wakapata Nobeli ya kemia. Cas9 ndo iliyozaa tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, na ndo ambayo watu wengi wanaifikiria wakisikia neno kuhariri jeni. Lakini kuna ndugu yake, Cas13, iliyokuja kueleweka kuanzia 2015 na 2016, na huyu hana habari na DNA. Yeye anakata RNA. Unampa kipande kifupi cha RNA elekezi, herufi kama 28 hivi, anazunguka ndani ya seli akitafuta RNA inayolingana na hicho kipande, akiipata anaikata. Maelekezo yote ya virusi vya dengi yako kwenye RNA, kwahiyo kwa mtu anayetafuta silaha dhidi yao Cas13 ni kama imetengenezwa kwa ajili hiyo.

Na majaribio yamefanyika kweli. Mwaka 2019 timu ya Pardis Sabeti ya taasisi ya utafiti ya Broad Institute, Marekani, walionyesha kwamba Cas13 inaweza kupunguza virusi vya RNA vya aina tatu tofauti ndani ya seli za binadamu, kikiwemo kirusi cha mafua. Mwaka 2020 zikaja ripoti za dengi ndani ya seli za figo za tumbili zinazotumika sana maabara, na watafiti wa Thailand, nchi inayoijua dengi vizuri, baadaye wakaonyesha kwamba inawezekana pia kwenye seli zilizochukuliwa moja kwa moja kwa binadamu. Mwaka 2021 timu nyingine Marekani waliivutisha Cas13 kwa mvuke wanyama wadogo wa maabara waliokuwa na mafua au korona, kwa kutumia mRNA, yaani maelekezo ya muda ambayo seli inayasoma na kutengeneza protini, kama ile ya chanjo za korona, na virusi vikapungua mapafuni. Kinachovutia kwenye haya yote ni kwamba ukibadilisha kile kipande elekezi umebadilisha shabaha, huhitaji kutafuta kemikali mpya kwa miaka kumi. Unaweza kuchagua sehemu ya RNA ambayo aina zote nne za dengi wanafanana, unaweza kuweka vipande vitatu au vinne kwa pamoja ili kirusi kikibadilika sehemu moja kikatwe sehemu nyingine. Na tofauti na chanjo, Cas13 haifundishi mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya dengi, kwahiyo ule mtego ulioikamata Dengvaxia hauna nafasi hapa. Kwenye karatasi hii ni silaha nzuri sana, na mimi ni mmoja wa wanaotamani ifike mbali.

Nije kwenye hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, kwamba dawa ya namna hii itabadilisha vinasaba vyetu na vya watoto wetu. Nimeulizwa swali hili na ndugu yangu wa karibu, mtu msomi tu, na sikuona sababu ya kumcheka maana hofu hii ina chanzo. Novemba 2018 mwanasayansi He Jiankui wa China alitangaza kwamba amehariri jeni za viinitete na mapacha wakazaliwa, dunia nzima ikalaani na yeye akafungwa miaka mitatu. Mtu aliyesikia stori hiyo, alafu akasikia neno hilohilo la kuhariri jeni limewekwa kwenye homa ya mbu, ana haki ya kuuliza. Ila jibu lipo na liko wazi. Kuna DNA ambayo inarithiwa, na kuna RNA ambayo seli inaitengeneza na kuibomoa kila siku, nyingine haikai hata saa moja. Cas13 inakata hiyo ya pili. Haina uwezo wa kukata DNA, haina uwezo wa kujichomeka humo, na ikipelekwa kama mRNA basi yenyewe inaoza ndani ya siku chache na protini yake inafuatia. Hata ikikosea ikakata RNA ya mwili wako badala ya ya kirusi, seli itapata usumbufu, pengine itakufa, lakini mtoto utakayemzaa hatarithi chochote. Kwa kweli kuiita tiba hii kuhariri jeni ni kuipa jina la ndugu yake.

Nikisema hivyo sisemi kwamba haina hatari. Hatari yake iko kwingine kabisa na inasikitisha kuona watu wanabishana kuhusu urithi wakati swali gumu wanaliruka. Cas13 ikishaipata RNA inayoitafuta inaamka, na ikishaamka inaweza kukata RNA nyingine zilizo jirani bila kuchagua. Kwa bakteria hiyo ni akili, seli moja iliyoambukizwa inajiua ili wenzake wapone. Kwa binadamu ni jambo la kufikiria mara mbili. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba ndani ya seli za wanyama tabia hii haionekani, baadaye tafiti kadhaa zikaonyesha inaonekana, kwa viwango tofauti kutegemea aina ya Cas13 na wingi wa RNA inayolengwa. Alafu kuna suala kwamba protini hizi zinatoka kwa bakteria, na mwili una desturi ya kuwapiga vita wageni wa aina hiyo, tayari kwa Cas9 imeonekana watu wengi wana kingamwili dhidi yake hata kabla hawajatibiwa. Dozi moja inaweza kupita salama, ya pili miaka mitatu baadaye isipite. Mambo haya ndo ya kuwauliza watafiti.

Turudi kwenye ile wiki moja. Mbu akikuuma, dengi inakaa kimya siku 4 mpaka 10. Virusi vinaanza kupanda kwenye damu, vinafika kileleni karibu na siku homa inapoanza, na kuanzia hapo vinashuka. Wewe siku ya kwanza unadhani ni uchovu, siku ya pili unameza paracetamol, siku ya tatu au ya nne ndo unaenda hospitali. Na balaa la dengi ni kwamba hali inaharibika pale ambapo homa inashuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, mishipa midogo inaanza kuvuja maji, presha inaanguka, damu inaanza kutoka. Wakati huo virusi vimeshapungua sana. Kinachomuua mgonjwa kwa kiasi kikubwa ni jinsi mwili wenyewe ulivyojibu, aliyewasha moto keshaondoka lakini nyumba inaendelea kuungua. Sasa niambie, hata ukiwa na mkasi unaokata kila RNA ya dengi bila kukosea, ukiuleta siku ya tano unaenda kukata nini?

Hili sio wazo la mezani tu, limeshajaribiwa kwa dawa za kawaida na majibu tunayo. Balapiravir ilijaribiwa Vietnam kwa watu wazima wenye dengi, ikashindwa kupunguza virusi. Celgosivir ikajaribiwa Singapore, ikashindwa pia kupunguza virusi wala homa. Zote zilionekana nzuri maabara. Kila moja ilikuwa na sababu zake za kushindwa lakini ule upenyo mwembamba wa muda ulikuwepo kwenye zote. Ndio maana dawa iliyokuja baadaye, mosnodenvir, iliyoanzia kwa watafiti wa chuo kikuu cha Leuven Ubelgiji pamoja na Johnson & Johnson, ilielekezwa kwenye kinga badala ya tiba, watu wanameza kabla hawajaambukizwa. Ilijaribiwa kwa watu waliojitolea kuambukizwa dengi dhaifu kwa makusudi, walioanza kumeza siku kadhaa kabla, na kwa dozi ya juu ilipunguza virusi vizuri tu. Alafu Oktoba 2024 kampuni ikasitisha utafiti uliokuwa unaendelea mitaani kwa watu wa kawaida, na sababu iliyotolewa haikuwa usalama, ilikuwa ni mabadiliko ya vipaumbele vya kampuni. Nataka msomaji alipime hilo. Kidonge, cha kumeza, rahisi kutengeneza kuliko Cas13 mara nyingi, kilifika mbali kuliko chochote kabla yake na kikawekwa kando kwa uamuzi wa kibiashara. Anayedhani teknolojia ngumu zaidi itapita kirahisi pale ambapo kidonge kilikwama anatakiwa aeleze kwanini.

Ugumu wenyewe uko kwenye kuifikisha. Tiba za mRNA za kuchoma kwenye mshipa zinasafirishwa ndani ya vitone vidogo sana vya mafuta, na vitone hivyo vina tabia ya kukimbilia kwenye ini. Kwa magonjwa ya ini ni baraka. Dengi inaligusa ini ndio, lakini inapenda sana seli za kinga zenyewe zinazozunguka kwenye damu, tezi na bandama, na kuzifikia hizo zote kwa wingi na kwa haraka bado ni kazi. Zika ni ngumu zaidi maana madhara yake mabaya yanatokea kwa mtoto aliye tumboni, mwaka 2016 WHO ilitangaza hali ya dharura duniani kwasababu ya watoto waliokuwa wanazaliwa Brazil na vichwa vidogo, kwahiyo unatakiwa kuufikisha mkasi kwenye kondo la nyuma na pengine ubongo wa kichanga, na hakuna mamlaka ya dawa itakayokubali hilo kirahisi, wala haitakiwi ikubali kirahisi. Chikungunya nayo maumivu ya viungo yanaweza kubaki miezi hata miaka wakati virusi kwenye damu vimeshaisha. Na kuna kitu kingine ambacho hakizungumzwi sana, virusi vya jamii ya dengi vikiingia kwenye seli vinajijengea vijumba ndani ya utando wa seli na kunakili RNA yao humo, kwahiyo Cas13 inaipata RNA pale tu inapotoka nje kwenda kutengenezewa protini. Mkasi unakata, ila adui ana maficho.

Wapo wanaosema basi tuachane nayo kabisa, na hoja yao ina uzito kuliko ile ya urithi wa jeni. Wanasema WHO yenyewe inaeleza kwamba dengi kali ikigundulika mapema na mgonjwa akapata huduma sahihi vifo vinashuka chini ya asilimia 1, na huduma yenyewe kwa sehemu kubwa ni maji ya dripu yanayopimwa kwa uangalifu na nesi anayejua dalili za hatari. Wanasema pia kuna njia ya kumzuia mbu mwenyewe, kule Yogyakarta Indonesia walisambaza mbu wa Aedes wenye bakteria wa Wolbachia, wanaoizuia dengi isizaliane vizuri ndani ya mbu, na utafiti uliochapishwa 2021 ukaonyesha wagonjwa wa dengi wamepungua kwa asilimia 77, hakuna jeni iliyohaririwa hapo. Yote ni kweli na kama ningekuwa na bajeti ya afya mkononi leo hivyo ndo vingetangulia. Ninapotofautiana nao ni pale wanapoona kwamba ukichagua hivyo lazima uitupe CRISPR, maana angalia neno lililobeba sentensi yao: ikigundulika mapema. Inagundulikaje?

Hapo ndo naona watu wameangalia upande mmoja wa shilingi hii. Ile tabia ya Cas13 ya kukata hovyo ikishaamka, ambayo ndani ya mwili inatutia wasiwasi, ukiiweka ndani ya kichupa inakuwa dhahabu. Unaweka sampuli ya mgonjwa, unaweka Cas13 yenye kipande elekezi cha dengi, alafu unaweka vijipande vya RNA vilivyotengenezwa ili vikikatwa vitoe mwanga. Kama dengi ipo, hata kwa kiwango kidogo sana, Cas13 inaamka, inakata kila RNA iliyo karibu, mwanga unawaka. Kama haipo, giza. Mwaka 2017 kipimo cha namna hii kiitwacho SHERLOCK kilionyeshwa kikitambua zika na dengi na kuzitofautisha, na mwaka 2018 watafiti wakaonyesha njia ya kupima moja kwa moja kutoka kwenye damu, mate au mkojo bila mashine kubwa za kuchuja RNA, na jibu likasomeka kwenye kikaratasi. Kipande elekezi kinabadilishwa kirahisi, kwahiyo hata kikizuka kirusi kipya kipimo kinaweza kuundwa ndani ya muda mfupi. Hakuna suala la ini hapo, hakuna suala la mwili kuikataa protini ya bakteria, hakuna mjamzito wa kuhofia, kwasababu hakuna kinachoingia mwilini.

Na kipimo hicho ndicho kinachokosekana. Siku ya kwanza ya homa, malaria, dengi, chikungunya na zika vinaweza kufanana kiasi kwamba daktari mzuri kabisa hawezi kuvitenganisha kwa macho. Vipimo vya haraka vya dengi vilivyopo vinasaidia lakini vile vya kingamwili vinachanganya dengi na zika maana ni ndugu, na vile vinavyotafuta protini ya kirusi iitwayo NS1 vinapoteza makali kwa mtu aliyewahi kuugua kabla, ambaye ndo huyohuyo aliye kwenye hatari kubwa. Kipimo cha PCR, kinachotafuta RNA ya kirusi chenyewe, ni kizuri ila kiko kwenye maabara kubwa na majibu yanakuja siku ambayo hayana tena msaada. Matokeo yake mgonjwa wa dengi anatibiwa malaria au anapewa antibayotiki, siku zinakwenda, na ule upenyo unafungwa. Mpaka upenyo huo ufunguliwe hakuna dawa ya kuua virusi itakayofanya kazi, iwe Cas13, iwe kidonge, iwe chochote kitakachogunduliwa kesho. Hii ndo sababu naona kupigania kipimo ni kuitengenezea njia hiyohiyo tiba ambayo kundi la kwanza linaishangilia.

Gharama nayo inasemwa vibaya. Watu wanatolea mfano Casgevy, tiba ya selimundu, ambayo Marekani bei yake ni dola milioni 2.2, wanahitimisha kwamba kila kitu cha CRISPR ni cha matajiri. Casgevy inahitaji kutoa seli za uboho za mgonjwa, kuzihariri maabara, kumpa mgonjwa dawa kali za kusafisha uboho uliobaki na kuzirudisha, mtu mmoja mmoja. Cas13 ya mRNA ingetengenezwa kwa pipa moja kwa maelfu ya watu, kwa mitambo inayofanana na ya chanjo za korona, na kipimo cha kwenye kichupa ni rahisi zaidi maana malighafi zake zinaweza kukaushwa zikasafiri bila barafu. Kinachonitia hofu zaidi ya bei ya kiwandani ni leseni. Hataza za CRISPR, yaani haki za umiliki wa uvumbuzi, zimegombaniwa mahakamani miaka na miaka kati ya vyuo vikubwa vya Marekani, na nchi zenye wagonjwa wengi wa dengi zikisubiri mpaka bidhaa ikamilike ndo zianze kuomba haki ya kuitengeneza, zitakuta mkataba umeshaandikwa bila wao. Mazungumzo hayo yanatakiwa kuanza sasa wakati bei ya kuahidi bado ni ndogo.

Kwahiyo taarifa nyingine ya maabara ikitoka, na itatoka, kabla ya kushangilia au kuogopa tafuta kitu kimoja ndani yake: Cas13 iliwekwa lini? Kwenye majaribio mengi ya seli mkasi unawekwa kabla ya kirusi au saa chache tu baada yake, na kwa mwanasayansi hiyo ni sawa, anataka kujua kama unakata. Kwa mgonjwa namba inayohesabika ni ile ya mnyama aliyepewa dawa akiwa ameshaanza kuugua, na akapona. Na kama itaonekana kwamba Cas13 inafaa kabla tu ya kuugua au mapema mno, bado ina watu wa kuwafaa. Aedes haruki mbali, wengi wao wanaishi maisha yao yote ndani ya mita mia chache, kwahiyo nyumba yenye mgonjwa mmoja wa dengi aliyethibitishwa ni nyumba ambayo wengine waliomo na majirani zao wako kwenye hatari wiki hiyohiyo, wakiwa bado hawana homa na upenyo wao bado uko wazi. Hao ndo wa kwanza ningependa kuwaona kwenye majaribio ya binadamu siku yakifika, na ili uwapate ni lazima yule mgonjwa wa kwanza awe amepimwa na kupata jibu lake siku ileile aliyoingia kliniki.